Dakika Nne Tulizozikata

Siku ya kwanza kazini niliungua vidole viwili, na Shefu wa Kabini, chumba cha projekta, hakunipa hata maji. Alikuwa mtu wa Lubudi, mfupi, mkali, aliyetumikia reli kabla ya kampuni ya mgodi kumkabidhi sinema ya site yetu, mtaa wa wafanyakazi, hapa Kolwezi. "Moto iko kazi yako sasa," akaniambia. "Kama unaogopa, rudia ku shimo na benzako." Ninyi mnaotazama picha kwenye simu hamjui. Taa ya projekta ilitoka kwenye fimbo mbili za makaa zilizorushiana cheche, na fundi alizisogeza kwa mkono, kidogo kidogo, filamu nzima. Ukizubaa, picha inazimika na ukumbi mzima unakutukana.

Filamu zilikuja kwa treni toka Lubumbashi, ndani ya masanduku ya bati. Zile za Kihindi zilikuwa na bobini, magurudumu ya filamu, nyingi, maana Wahindi hawana haraka. Aliyezikodi ni Tata Ramji, Mhindi muuza vitambaa. Watu wa site walizipenda kuliko za Wazungu. Hawakuelewa neno hata moja, ila walijua nani anamlilia nani, na walitoka na macho mekundu.

Bon, kukata. Ngoja, nianze na waliokata. Kila Jumatano asubuhi komisheni ya ukaguzi ilikaa ukumbini: Komiseri wa mji, Padri Mkuu wa parokia, na Direkta wa Kazi za Jamii wa kampuni. Mimi nilikuwa juu na daftari. Padri akipiga makofi mara moja, naandika: kata hapa. Mtu kuchomwa kisu, waliacha. Polisi kula rushwa, Komiseri alicheka, wakaacha. Lakini mwanamke akipiga magoti mbele ya mungu wa kike mwenye mikono minane, akazungusha taa na kumwaga maua, Padri alipiga makofi kabla wimbo haujaanza.

Siku moja Direkta alimwuliza, "Mon père, ni sinema tu. Juu ya nini?"

"Batu yetu banatupa masanamu yabo jana tu," Padri akajibu. "Mi sitabaonyesha ingine lelo."

Mimi, mtoto wa katekista, niliona ana haki. Nakiri mapema, msije mkanifanya mtakatifu.

Kukata si kurarua. Unapitisha mukasi kati ya picha na picha, unakwangua ncha kwa wembe, unapaka kole, gundi yetu, unabana mpaka uhesabu ishirini. Kipande kilichokatwa kinakaa ndani ya kopo na karatasi ya jina lake, na kabla filamu haijapanda treni kurudi, kila kipande kinabandikwa mahali pake. Amri ya Shefu ilikuwa moja: siku ya treni, kopo liwe tupu. Miaka yote ile lilikuwa tupu.

Tata Ramji hakugombana na komisheni. Ila alikuwa na mama yake, mzee sana, na hapa mjini hawakuwa na hekalu. Bibi huyo alikuja matine, onyesho la mchana, ya kila Jumapili, akakaa karibu na mlango, akavua viatu, akavipanga chini ya kiti. Alingoja kumwona mungu wake, nasi tulikuwa tumeshamkata. Kwenye tundu la kabini nilimwona akivaa viatu vyake tena, Jumapili baada ya Jumapili. Iliniudhi kabisa. Nilitaka aache kuja.

Kisha serikali ikaamua maduka ya wageni wapewe wenyeji. Duka la Tata Ramji lilipewa mtu asiyemjua, na yeye na watu wake wakaambiwa waondoke. Alinifuata nyuma ya sinema, kofia mkononi.

"Tata Kazadi, tunaenda Jumanne. Mama hatarudia huku. Jumapili umuachie ule wimbo ya taa, mara moja tu."

"Direkta atanifukuza."

"Najua. Na ile haiko dini yetu kabisa, tata. Mama mwenyewe anasema yule mwanamke anaimba sawa mu bar, na taa anazungusha mubaya. Lakini njo ile tu tuko nayo."

Nyumbani mke wangu, Mama Astrida, alinisikiliza huku akichambua majani ya sombe. "Mama wa mutu anataka kuona Mungu yake," akasema. "We unaogopa nini?" Niliogopa kupoteza kazi, nyumba ya kampuni, shule ya watoto. Nilikuwa na woga mwingine pia, nitausema.

Jumapili ile Shefu alikuwa Lubudi kwenye kilio. Nilifungua kopo, nikakwangua, nikapaka kole, nikabana, nikahesabu ishirini. Wimbo wa taa ulipofika, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mungu wa kike alining'inia kichwa chini. Maua yalitoka miguuni pake yakarudi mkononi mwa mwanamke, na badala ya wimbo kulikuwa na mngurumo. Nilikuwa nimekibandika kipande kinyume. Dakika nne, na mimi nasogeza makaa tu.

Bibi hakuondoka. Aliinamisha shingo upande kadiri alivyoweza, sawa na mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, mikono ameiunganisha. Wakamcheka na yeye. Tata Ramji aliinua macho kwenye tundu la kabini, na nilijua anafikiri nimefanya kusudi. Jumanne sikwenda stesheni.

Direkta aliniita. "Padri anasema unaleta sanamu. Komiseri anasema unachekesha muji. Niandike kosa gani?" Hakunifukuza. Alinipeleka Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, kuonyesha filamu za afya, za kuchemsha maji, kisha Mutshatsha. Niliporudishwa Kolwezi kuwa Shefu wa Kabini, paa la sinema lilikuwa linavuja na mgodi wenyewe unakufa. Kopo nilikuwa nalo, na ndani yake kipande kile, nilichokikata tena usiku uleule. Ile filamu ilishaondoka bila kipande chake.

Halafu zamu yetu ikafika. Wenye asili ya jimbo la Kasai waende kwao, wakubwa wakasema. Baba yangu alitoka Kasai, lakini mimi nimezaliwa hapa, kwetu ni wapi? Tulilala majuma stesheni tukingoja treni. Mchana mmoja Mama Astrida alivua viatu, akapiga magoti kwenye saruji na rozari yake. Wanaume watatu waliokuwa wakipekua mizigo wakasimama, wakamcheka. Kicheko kile nilikijua.

Mmoja alifungua kopo langu. "Hii nini, muzee?"

"Mama anaomba Mungu," nikasema.

Akakirusha kipande chini. Nilikiokota, nikakiinua kwenye jua, nikakiangalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukitazama mkononi. Siku zote nimewaambia watu kwamba Jumapili ile nilikosea kwa haraka. Uongo. Muda ulikuwepo. Nilibandika uso nimeugeuzia ukutani, nikipapasa kwa vidole tu, nisimwone mungu wa watu wengine.

Tulirudi Kolwezi hali ilipotulia, na sasa nimestaafu. Wajukuu wananiuliza kama Padri alikosea. Mimi siwezi kumhukumu, yeye angalau aliangalia kabla ya kukata. Bibi yule lazima ameshakufa. Kila Jumapili baada ya misa navua viatu, nashika kipande dirishani, mungu kichwa juu, nakiangalia mpaka mwisho. Juma lililopita Mama Astrida aliingia akanikuta hivyo. Hakucheka.