Thalipithi za Mama wa Chini

Nilipostaafu kazi ya kutengeneza matrekta, mke wangu alikuwa bado muuguzi Naivasha. Alikuwa akirudi nyumbani Nakuru kila Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili baada ya kanisa. Siku zilizobaki nilijitegemea, yaani asubuhi chai na mkate, mchana ugali na sukuma wiki wa kibanda cha karibu, na jioni chochote kilichokuwepo. Baba yangu alikuwa fundi wa reli aliyekuja mji huu kutoka Vihiga akiwa kijana, na katika nyumba aliyotulea, mwanamume aliingia jikoni kutafuta kiberiti tu.

Tunaishi ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani ya mawe. Chini yetu anaishi mama mmoja Mhindi, mjane wa miaka sabini na kitu. Alizaliwa Nakuru, babake naye akiwa mtu wa reli, na Kiswahili chake ni cha hapa hapa, cha kubishana na watu wa sokoni. Mimi humwita Mama. Yeye huniita Fundi, kwa sababu wiki tuliyohamia nilimtengenezea mfereji uliokuwa ukivuja.

Asubuhi moja ya mvua aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nilimpeleka hospitali, tukarudi akiwa amefungwa plasta hadi karibu na kiwiko. Siku ya tatu nikamsikia akiniita kutoka chini ya ngazi.

"Fundi, wewe ulistaafu, sindio?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mikono yako, ilistaafu pia?"

Nilidhani mfereji umeanza tena, nikashuka na spana. Alipoiona akaniambia niiweke nje ya mlango na ninawe mikono kwa sabuni. Shida yake ilikuwa chakula cha asubuhi. Tangu utotoni alikuwa akila thalipithi, mkate bapa wa nafaka nyingi ambao familia yake ilitoka nao India. Dada anayekuja kumfulia na kumsafishia alimpikia vizuri mchana, lakini asubuhi alimwachia mkate wa duka.

"Mkate wa duka ni kama kutafuna godoro," alisema. "Mimi nitaongea, wewe utafanya."

Akaketi kwenye stuli kando ya meza, mkono wa plasta juu ya mto, akaanza kuongea. Nilimimina unga kutoka kwenye debe lake. Haukuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya udongo mkavu, na ulinukia kama njugu zilizokaangwa. Nikakata kitunguu, dania na pilipili, nikatia chumvi na manjano. Nikamuuliza maji kiasi gani.

"Mpaka itoshe."

"Kikombe kimoja? Kimoja na nusu?"

"Fundi, hii si injini. Tia, shika, tia tena."

Thalipithi haisukumwi kwa kijiti kama chapati. Unatandika kitambaa chenye maji juu ya ubao, unaweka donge la unga katikati, kisha unalipigapiga kwa vidole vilivyoloweshwa mpaka liwe bapa na mviringo. Unalitoboa tundu katikati na mengine pembeni, unabeba kitambaa chote, unakigeuza juu ya kikaango cha moto, na unakibandua taratibu. Mafuta hutiwa kwenye yale matundu. Nikieleza hivi inaonekana rahisi. Yangu ya kwanza ilibaki nusu kwenye kitambaa, nusu kwenye kikaango, na kipande kikaangukia kiatu changu. Ya pili ilishikana lakini ilikuwa nene kama soli. Mama aliila ile ya pili yote, kwa maziwa mala, kisha akapanguza mdomo.

"Kesho saa mbili," akasema.

Basi kila asubuhi saa mbili nikawa chini. Kwa wiki nzima nilikuwa mtu wa kuungua vidole. Sikumwambia mke wangu kwenye simu. Sijui nilikuwa naficha nini. Labda nilitaka kwanza nijue kufanya. Ijumaa alipofika aliweka mkoba, akanishika mkono, akausogeza karibu na taa.

"Hivi vidole vimekuwa vya rangi hii tangu lini?"

"Rangi gani?"

Alinivuta chini ya balbu, akanishusha kope ya jicho, akaangalia, akashusha ya pili. Akaniuliza kama mkojo umebadilika rangi. Akaniuliza kama nimechoka, kama tumbo linauma. Ni mwanamke mtulivu lakini sauti yake ilikuwa imeanza kwenda kasi, na hapo nikaona lazima niseme.

"Ni manjano. Ya kupika."

"Nani anapika?"

"Mimi."

Aliketi kwenye kiti akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akataka kujua kwa nini katika miaka yote ya ndoa hajawahi kupikiwa hata yai.

Katika mwezi wa pili wa kazi hii debe la unga likaisha. Mama alikuwa akitengeneza unga wake mwenyewe, kwa hivyo akaniandikisha orodha: mawele, mtama, mchele kidogo, dengu, ngano, mbegu za dania na jira. Mawele na mtama nilivifuata Rongai kwa mwanamke mmoja anayeuza nafaka, ambaye alitaka kujua kama nimeanza kufuga kuku. Kisha tukakaanga, kila nafaka peke yake, bila mafuta, kwa moto mdogo. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima. Mama hakuangalia sufuria hata mara moja. Alikuwa amefumba macho, akinusa.

"Toa hiyo dengu. Sasa hivi."

Niliitoa, na kweli chembe chache za chini zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Nimesikiliza injini miaka thelathini na kitu, najua kutambua valvu mbovu nikiwa nje ya geti. Siku hiyo nilimwelewa Mama kuliko siku zote. Yeye pia alikuwa fundi.

Kwa posho mill nilipata shida. Mwenye mashine, mama mnene mchangamfu aliyepakwa unga hadi kwenye nyusi, alifungua mfuko wangu, akanusa, akaufunga.

"Mzee, hii siwezi. Itaharibia watu mahindi."

Nilimweleza habari ya jirani na mkono wake. Alinisikiliza huku akisagia wengine, mwishowe akasema nisubiri niwe wa mwisho, halafu asubuhi ataanza kwa kusaga pumba ili mashine ijisafishe. Nikasubiri. Unga wangu ukatoka wa moto, na harufu yake ikatoka hadi barabarani.

Kumbe asubuhi ile alisahau zile pumba. Niliporudi wiki iliyofuata alinipokea akininyooshea kidole. Mteja wake wa kwanza alikuwa amerudi kuuliza kwa nini uji wake unanukia pilau.

"Nisamehe, mama. Alikasirika sana?"

"Angekasirika ningekusamehe. Anataka mwingine, na mimi sijui uliweka nini."

Nikamwandikia ile orodha kwenye kadibodi, akaibandika ukutani.

Plasta ilitolewa baada ya wiki nane hivi. Siku hiyo nilimrudisha Mama nyumbani nikiwa na furaha, ingawa nilidhani kazi yangu imeisha. Asubuhi iliyofuata sikushuka. Saa mbili na dakika tano nikasikia ngazi zikigongwa kwa mwiko.

"Fundi, umegonjeka?"

Mkono ulikuwa mgumu, hauwezi kukanda. Daktari alimwambia awe akifinya mpira. "Lakini mpira hauliwi," akasema. Tukagawana: mimi nikande, yeye apigepige. Zake zilitoka mviringo kama sahani hata kwa mkono mgonjwa. Zangu za mwanzo zilikuwa na pembe.

Jumamosi moja nilimwomba Mama apande kwetu, nipike mimi peke yangu, yeye na mke wangu wakae mezani. Nilikuwa nimejaribu kitu changu. Niliongeza wimbi kwenye unga, na badala ya dania nikatia managu, yaani mnavu, iliyochemshwa na kukamuliwa, jinsi mke wangu anavyopenda mboga yake. Niliwapelekea ikiwa moto. Mke wangu alikula akiniangalia kama mtu aliyekutana nami jana. Mama alimega kipande, akatafuna polepole, akakitazama kilichobaki kwa upande wa chini.

"Hii si thalipithi," akasema.

"Sasa ni nini?" mke wangu akauliza.

"Sijui. Labda ya kwenu. Niongezee."

Nilirudi jikoni kuongeza. Nyuma yangu nikawasikia wakianza kunisema, kwa sauti ya chini kwanza, halafu bila kujali: jinsi ninavyochafua meza, jinsi ninavyopima maji kana kwamba ni dawa ya sindano, jinsi ninavyong'ang'ana kutumia kitambaa kipya kila mara. Walikuwa wamekubaliana juu ya yote. Nikaweka donge jingine kwenye kitambaa, nikaanza kupigapiga, na Mama akaniita kutoka mezani nipunguze moto.