Paa Letu la Kwanza

Niliolewa kijiji cha Bofu, ng'ambo ya feri, wakati wa vita vya dunia, nikiwa na miaka kumi na tano na mume wangu kumi na saba. Hakuna aliyetuuliza. Nilikuja na darasa la nne na ujuzi wa kutarizi vitambaa vya meza, katika nyumba isiyokuwa na meza.

Tulilala ghalani kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Nikipika, alisimama nyuma yangu. Nikicheka, aliuliza kuna nini. Tukaomba kujenga kibanda chetu pale uani.

"Jengeni," akasema. "Lakini kikivuja, mwarudi ghalani, nawe warudi jikoni kwangu."

Mume wangu alikuwa kibarua bandarini. Jioni alivuka feri akaja kufunga fito. Mimi nilishinda nikisuka makuti. Kwa haraka ya kuhama nikapata wazo la kisomi: tuyaachanishe makuti, paa liishe upesi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akayafunga hivyo.

Mvua ya kwanza ilitukuta tumelala. Mume wangu alijifuta uso, akanitazama.

"Hilo ni darasa la nne," akasema. "La tano lingetuua."

Tulicheka huku tumeibana midomo, mavyaa asisikie.

Asubuhi akaniita. "Mwali!"

"Abee, mama."

"Mmelalaje?"

"Vyema, mama."

"Na mkeka huo wauanikia nini?"

"Kunguni, mama."

Tangu siku hiyo, kila kulipokauka tulipachika makuti katikati ya makuti. Vidole vyangu vilichubuka hadi sindano ya kutarizi ingenikataa. Mume wangu alitoka bandarini mgongo ukimuuma, akapanda tena juu.

Kisha masika yakashuka kwa nguvu. Jioni moja nikiwa napika, nikasikia hodi. Alikuwa mavyaa, amelowa chepechepe, sufuria kichwani. Paa lake la zamani lilikuwa limekubali kushindwa.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba."

Aliketi, akainua macho, akalikagua paa letu kutoka pembe hadi pembe akitafuta tone. Miaka mingi baadaye nilifanya mitihani ya chuo kikuu. Hakuna uliotisha kama ule. Mvua ilipiga makuti. Ndani kulikuwa kukavu.

Nikampakulia sima na mchuzi wa nazi, kutoka jiko langu. Akala yote.

"Chumvi imezidi," akasema hatimaye, akanisogezea sahani nimwongeze.