Mama Hélène na Vitambaa Alivyoambiwa Atunze

Saa moja asubuhi mabati ya mtaa wa Mudzipela yameanza kupata joto, na Mama Hélène Mave ameshainama kwenye beseni lake. Povu limemfika viwikoni. Anasugua kola ya shati, anaitazama kwenye mwanga, anaguna, anairudisha majini. Bado.

Pikipiki inasimama langoni. Kijana anamrushia mfuko wenye shati bila kuzima injini.

"Mama Hélène, unitunzie hii shemise! Ni ya ndoa ya dada yangu!"

"Utaikuta inang'aa kupita bibi-arusi," anajibu bila kuinua kichwa. "Lakini ukichelewa kuichukua, naivaa mimi."

Franga elfu nne kwa beseni moja la nguo, maji na sabuni anatoa mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi aliyoshika tangu alipokimbia vita vya Djugu, akaacha shamba karibu na Kpandroma, akaingia Bunia na binti mmoja mkononi. Mtaa mzima unamjua kwa jambo moja: hakuna doa linalomshinda. Mafuta ya gari, wino wa shule, hata damu.

"Damu iko na kiburi," anamwambia mgeni aliyekuja kumsikiliza. "Ukiipa maji ya moto, inakamata kitambaa na haitoke tena. Unaipa maji baridi, chumvi, ndimu, na haraka hapana."

Anamaliza kusema hivyo, kisha anaacha kusugua, kama mtu aliyekanyaga mwiba uleule mara ya pili. Maana ustadi huo ndio uliomtia majuto yanayomla hadi leo.

Binti yake anaitwa Joëlle. Alisoma biolojia hapa Bunia, akafaulu, kisha akaenda Kampala kusomea shahada ya uzamili, ile ya pili ya chuo kikuu. Fani yenyewe ni uchunguzi wa alama zinazoachwa na uhalifu: damu, nywele, mifupa, udongo ulioganda kwenye kiatu. Ni elimu ya kumsaidia hakimu ajue nani alifanya nini, hata kama mashahidi wote wamekufa au wameogopa.

Mama Hélène hakuyajua hayo. Kanisani alitangaza kwamba binti yake anasomea udaktari. Joëlle aliporudi likizo, jirani yao Mama Anastasie akamletea mtoto mwenye kikohozi.

"Mama Anastasie, mimi ni wa watu waliokufa," Joëlle akamwambia.

"Yesu wangu! Basi huyu wangu angali mzima, acha nimurudishe nyumbani!"

Walicheka siku hiyo. Lakini hata baada ya kicheko, mama hakuuliza: mwanangu, unasoma nini hasa? Binti naye hakueleza. Kila mmoja alidhani mwenzake ameridhika.

Kazi ya mwisho ya Joëlle, ile ambayo bila hiyo hapewi shahada, ilikuwa swali moja: damu iliyoingia kwenye nguo inaweza kudumu muda gani ndani ya udongo wa Ituri, pamoja na mvua zake, kabla haijakosa la kusema? Katika nchi ambayo watu wengi wamefukiwa bila kuchunguzwa, na makaburi yanafunguliwa baada ya miaka, swali hilo si mchezo.

Kwa hiyo alikata vipande vya kitenge na mashati, akavilowesha damu ya mbuzi kutoka machinjioni, akavifukia nyuma ya nyumba. Mama yake alikuwa akiona mashimo akidhani ni ya mihogo. Mvua za mwaka mzima zilipokwisha kunyesha, Joëlle akavifukua, akavikausha kivulini, akafunga kila kimoja kwenye bahasha yenye namba ya shimo lake. Vyote akavitia kwenye katoni chini ya kitanda.

Kabla ya kuvipeleka Kampala, alipanda gari kwenda Kpandroma kuchukua udongo wa kulinganisha. Mlangoni alisema maneno ambayo mama yake anayarudia kama sala:

"Mama, unitunzie muzuri ile bitambaa."

Kutunza. Mwambie mlinzi atunze kitu, atakifungia. Mwambie dobi akutunzie nguo, atafanya anachofanyia nguo zote za watu.

"Nilifungua karto, nikasikia harufu," anasimulia Mama Hélène. "Nikaona damu. Nikasema, masikini mutoto, anaona haya kuniomba. Pia niliogopa. Kama askari wanaingia kwetu na kukuta manguo ya damu, tutasema nini?"

Alivitoa kwenye bahasha, bahasha akawashia moto. Alivilowesha usiku kucha kwenye maji baridi, chumvi na ndimu. Alisugua, akasuuza, akaanika, akapiga pasi ya makaa. Joëlle aliporudi na vumbi la safari, alikuta vitambaa vimepangwa juu ya kitanda, vinanukia sabuni.

"Angalia," mama akasema kwa fahari, "imerudi kama ya duka."

Joëlle aliketi chini, pale pale, na mifuko ya udongo mapajani.

"Mama, ni masomo yangu njo umefua."

"Masomo iko mu bitabu. Hii ilikuwa uchafu."

"Ule uchafu njo ilikuwa masomo."

Alivibeba hivyo hivyo hadi Kampala. Profesa wake alivipima. Kilichosalia kilikuwa hafifu, cha kutiliwa shaka, na bila bahasha hakuna aliyejua kitambaa gani kilitoka shimo gani. Akaambiwa aanze upya.

"Kama ungekuwa mufuaji mubaya, ningepona," Joëlle alimwambia mama yake aliporudi. Alisema akitabasamu kidogo. Ndilo neno lililomuuma mama kuliko matusi.

Wazazi wengi wa Bunia wanatoa jasho lao kwa ajili ya shule, wanafunga na kuombea mitihani, lakini kuuliza wanaona haya, kwa sababu wao waliishia darasa la sita. Mama Hélène aliishia hapo pia.

"Nawaambia wamama wenzangu: haya ile inaleta hasara," anasema. "Uliza. Hata kama atakucheka, uliza. Na mutoto naye asiseme, mama hawezi kuelewa. Ningeelewa! Damu naijua kumupita!"

Sasa Joëlle anafundisha biolojia katika shule ya sekondari, akingoja vitambaa vipya vikae ardhini. Jioni moja alirudi na matope kwenye buti. Mama akauliza amevifukia wapi.

"Kwa Stéphane, Mama. Yule tulisoma naye. Kule Yambi."

"Parsele yetu imekuwa kidogo?" mama akasema, akitazama kiwanja chao nyuma ya nyumba.

Joëlle alikwenda kuosha buti, na tangu siku hiyo mama hajauliza tena.

Lakini ana ombi, na analisema leo mbele ya mgeni, binti akiwa kizingitini anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Siku ya kufukua, aitwe. Hatashika kitu. Atasimama pembeni, mikono mgongoni, aelezwe kila kitambaa kinasema nini. Siku hiyo hatapokea nguo ya mtu yeyote.

Joëlle anafunga daftari.

"Nitakuita, Mama. Lakini usikuye na sabuni."

Mama Hélène hacheki.

"Sitakuya nayo," anasema. "Weye uniite tu."