Mistari Iliyopinda

Nyumba niliyohamia katika kijiji cha Daudi, huku milimani, haikuwa na tatizo. Bustani yake ndiyo iliyoninyima raha. Ilikuwa imeachwa misimu kadhaa, na magugu yalinifika kifuani. Mimi nimekulia Katesh, kwenye duka la wazazi wangu, ambako ardhi ni tambarare na kitu kikikaa upande mtu anakinyoosha. Kilimo nilijifunza kwenye simu. Video zote zilionyesha vitanda vya mboga vilivyonyooka, na mimi nikiona kitu kimepinda silali.

Katikati ya magugu palikuwa na mistari ya mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Ilikingama mteremko, ikipinda huku na huku bila mpango niliouona. Niliing'oa yote. Mama jirani, ambaye shamba lake liko chini ya langu, alisimama akinitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Hayo majani unatupa?"

"Chukua tu, mama."

Alibeba mzigo, akarudi, akabeba mwingine. Nikajiona mtu mwema.

Nilifunga kamba kwenye vijiti, nikapima, nikabomoa, nikapima tena. Vitanda vikashuka mteremko vimenyooka kama rula. Nikapanda mbegu za karoti, nikapiga picha, nikamtumia mama yangu, kwa sababu alikuwa amesema nitarudi Katesh kabla mvua hazijaisha. Sitaki kuficha: bustani niliipenda, ila zaidi nilitaka mama akosee.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Nilisimama mlangoni nikiangalia maji yakifuata mistari yangu moja kwa moja hadi chini. Ilipokatika, kwangu palibaki udongo mwekundu, mgumu. Ule mweusi wote ulikuwa umelala kwenye maharage ya jirani. Niliingia ndani nikaanza kukunja nguo za kurudi nazo Katesh. Nilikuwa nimefika kwenye sweta pale aliponiita.

"Binti! Njoo uone, shamba lako limekuja kunitembelea!"

Nilienda nikamwomba radhi mpaka akanizuia kwa mkono.

"Yale mabingobingo ndiyo yaliyokuwa yanashika udongo," akasema.

"Lakini mama, uliniona nikiyang'oa."

Akatazama pembeni, akacheka kwa aibu. "Nilikuona. Nikasema, huyu mtoto wa dukani anapanga udongo kama sabuni kwenye shelfu, labda simu imemwambia. Halafu ng'ombe wangu alikuwa na njaa."

Sikujua nikasirike au nicheke. Nilicheka, kisha nikalia kidogo.

Tulirudisha kwa ndoo udongo uliokubali kurudi. Alinikatia vipande vya mabingobingo mpakani kwake, tukavipanda vikikingama njia ya maji, kila mstari ukipinda pale mteremko ulipopinda. Mikono yangu iliitafuta kamba muda wote. Sikuitumia, lakini siwezi kusema nilifurahia.

Mvua zilipokaribia kwisha nilimtumia mama picha nyingine. Akapiga simu papo hapo.

"Mbona umeharibu? Mwanzo palikuwa pamenyooka."

Maneno hayo yalinichoma, nakiri. "Pamepinda, mama," nikasema. "Lakini udongo umebaki. Na mimi nimebaki."

Jirani alikuwa ng'ambo ya mpaka akikata majani. Akapaza sauti ili simu isikie: "Mwambie aje tu! Karoti zenu zilizohamia kwenye maharage yangu zimekomaa, na mimi sikuzipanda!"