Waranti ya Mpishi

Mume wangu alikuwa dobi katika hoteli moja ya watalii iliyoko ukingoni mwa kreta, Ngorongoro. Mimi nilibaki Mbulumbulu na shamba, watoto watatu na mama yake. Alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi, nguo zake zimepigwa pasi vizuri kuliko za mwalimu mkuu, na kila alipokuja alileta habari mpya ya wazungu.

Habari ya mwezi ule ilihusu mzee mmoja na mkewe waliompa mashati yao afue. Walimweleza kwamba wao, kabla ya kuja kwetu, walikuwa wamepanda meli wiki mbili nzima kwa ajili ya kupumzika. Nikamuuliza walikuwa wanakwenda wapi. Akasema hawakuwa wanakwenda popote. Meli iliwazungusha, ikawalisha, ikawarudisha pale pale ilipowachukua, na walilipa pesa nyingi. Nilidhani hajakielewa Kiingereza chao. Lakini yeye alikuwa ameelewa, na jambo lile lilikuwa limemwingia.

"Mama watoto," aliniambia, "na sisi tutapanda meli. Mwanza hadi Bukoba na kurudi. Hatushuki."

Nilimwambia sina neno, ila ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya themanini, sabuni yenyewe ilitafutwa kwa foleni, nasi hatukuwa na nauli hata ya kufika Musoma. Akasema nauli ipo. Hotelini kulikuwa na mpishi mkuu, mtu wa Bukoba, rafiki yake. Kila baada ya miaka miwili mpishi huyo alipewa likizo na waranti ya kusafiria, yeye, mke na watoto wanne, basi na meli, kwenda na kurudi, na kila mara aliiacha ikaozea sandukuni. Alikuwa hajakanyaga kwao miaka minane. Sababu yake ilikuwa moja tu: aliona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, na siku zile hata mwenye mshahara mikono yake ilikuwa mitupu. Kwa hiyo waranti ile alimpa mume wangu bure, kwa sharti kwamba asiulizwe zaidi.

Mume wangu aliiona kama mvua ya nje ya msimu. Kwa siku kumi angekuwa mpishi, mimi mke wa mpishi, watoto wangu watoto wa mpishi. Tatizo likawa hesabu. Waranti ilisema watoto wanne, sisi tulikuwa nao watatu, na mume wangu hakuwa mtu wa kuacha nafasi iliyolipiwa ipotee. Akatazama huku na huku, akaona mama yake ameketi mlangoni anapepeta maharage.

Mama mkwe wakati huo alikuwa amepita miaka sitini. Alikubali kwenda, ila alikataa kabisa chakula cha kununua. Alifunga debe la maharage, unga, kibuyu cha samli, na mzigo wa kuni, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ziwani hakuna miti. Kuni zile zilipanda basi Karatu, zikapita getini Ngorongoro, zikavuka Serengeti yote juu ya keria. Askari wa hifadhi alituuliza tumezikata wapi. Mume wangu alieleza kwa muda mrefu. Siku ya pili jioni tukafika Mwanza, tukalala stendi kuokoa pesa ya gesti, na kesho yake tukashuka bandarini.

Karani wa tiketi alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisoma waranti, akatuhesabu kwa kalamu, akafika kwa mama mkwe, akasimama.

"Na mtoto wa nne yuko wapi?"

"Huyu hapa," alisema mume wangu.

Karani alimtazama mama mkwe, naye mama mkwe, akidhani anasalimiwa, akaitikia kwa Kiiraqw na kuongeza kumuuliza habari za ng'ombe wao.

"Hajui Kiswahili?"

"Bado hajaanza shule."

Mpaka leo sijui kwa nini yule kijana alipiga mhuri. Nadhani ni foleni iliyokuwa nyuma yetu, na kuni. Alipiga mhuri, akaisoma waranti mara nyingine, kisha uso wake ukabadilika, ukawa na heshima.

"Kumbe wewe ni mpishi mkuu wa hoteli ya watalii," alisema. "Ndugu, naomba usiende mbali."

Tulikuwa hatujamaliza kutandika kanga zetu daraja la tatu alipokuja na nahodha mwenyewe. Mambo yalikuwa hivi: mpishi wa meli alikuwa amelazwa na malaria tangu asubuhi, msaidizi wake alijua kuchemsha chai tu, na daraja la kwanza kulikuwa na wakubwa wanane wanaokwenda kwenye mkutano Bukoba. Nahodha aliomba kwa upole sana. Kama mpishi angekubali kuwapikia, familia yake ingehamishiwa kwenye chumba cha kitanda.

Nilimtazama mume wangu. Mtu huyu, tangu nimwoe, yaani tangu anioe, hakuwahi kuchemsha hata kiazi. Nilitegemea aseme ni mgonjwa. Lakini aliulizwa mbele ya watu, waranti ikiwa mkononi mwa karani, na akili yake ilikuwa kwenye kile chumba cha kitanda, ambacho hakikuwa na gharama yoyote. Akakohoa kidogo, akasema atakubali, ila hawezi kufanya kazi bila msaidizi wake.

Msaidizi wake nilikuwa mimi.

Kwa hiyo meli ilipong'oa nanga, watoto wakapiga kelele juu kwa furaha, nami nilikuwa chini jikoni nikichambua maharage. Stoo ya meli ilikuwa na mchele kidogo, chumvi, na nyanya zilizokwisha kulegea. Samaki walikuwapo, lakini watu wa kwetu hatukuzoea samaki, na mimi sikujua hata waanziwe upande gani. Nilichukua debe letu. Nikapika maharage kama nipikavyo nyumbani, nikayaunga kwa samli ya mama mkwe, nikasonga ugali. Mume wangu alisimama mlangoni amevaa kofia nyeupe ya yule mgonjwa, na kila mtu alipopita aliniambia kwa sauti nipunguze moto.

Hata hivyo nisimnyime haki yake. Mezani alifanya kazi ambayo ziwa lile halijawahi kuiona. Alipiga pasi kitambaa cha meza, akakunja vitambaa vya mikono vikawa kama ndege waliotua, kila mkubwa na ndege wake, akapanga vijiko kwa kipimo cha vidole. Wale wakubwa wakaketi kwa adabu kama watu walioko kanisani. Wakaletewa ugali na maharage. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti, alikula sahani tatu na kutuma swali jikoni: chakula hiki kinaitwaje? Mume wangu alijibu kwamba ndicho wanachokula watalii Ngorongoro.

Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kitanda chenye shuka mbili, anapelekewa chai na msaidizi wa jikoni. Nilipokwenda kumwona aliniuliza mbona natoka jasho, na kwa nini sipumziki kama wengine.

Asubuhi tulifika Bukoba. Kazi ilikuwa imekwisha, nami nilipanda juu kwa mara ya kwanza, nikasimama kwenye ukingo wa meli na mikono inayonuka samli, nikatazama maji. Yalikuwa mengi mno. Sikujua la kuyafanyia. Nilikuwa bado nayatazama nilipomwona karani, ambaye kazi yake ilikuwa kusafiri na meli, anapanda ngazi anamwongoza mwanamke mtu mzima aliyejifunga vizuri, ana mkungu wa ndizi kichwani.

Wapagazi walikuwa wamelipeleka jina mjini. Ilikuwa imesemwa sokoni kwamba mwana wa fulani, yule mpishi aliyepotelea Arusha, yumo melini anawapikia wakubwa. Mama yake alikuwa amekuja.

Sikuwahi kukimbia vile. Nilifika jikoni pamoja nao. Mume wangu alikuwa bado na kofia.

"Mama," karani alisema kwa fahari, "mwanao huyu hapa."

Mume wangu akasema shikamoo. Yule mama akautua mkungu chini, akamtazama. Akatazama miguu yake, mikono yake, akapandisha macho mpaka kwenye kofia. Akanitazama mimi. Nadhani uso wangu ndio uliomweleza yote, kwa sababu aligeuka kwa karani akasema:

"Marahaba. Amekuwa mrefu."

Karani alifuta macho, akatuacha tuongee. Mlango ulipofungwa yule mama alikaa juu ya debe letu, sasa tupu, akauliza kwa utulivu kama mwanawe yu hai. Tulimwambia yu hai, ana mke na watoto wanne, ni mpishi kweli kweli. Akauliza basi kwa nini haji. Mimi ndiye niliyesema kwamba anaona aibu kuja mikono mitupu.

"Mwambieni aje nayo hivyo hivyo," alisema.

Nilikuwa na mche mmoja wa sabuni niliouficha kwenye nguo za watoto. Nikampa, nikasema umetoka kwa mwanawe. Aliunusa, akaufunga kwenye ncha ya kanga, na hakusema kama ameamini. Alishinda nasi melini mpaka jioni, yeye na mama mkwe wamekaa bega kwa bega kitandani, mmoja anasema Kihaya, mwingine Kiiraqw, na sikuona yeyote kati yao akikosa jibu.

Kurudi tulipika tena, safari hii kwa abiria wa kawaida, na ndizi.

Tulimfikishia mpishi maneno ya mama yake. Aliendelea kumenya viazi. Lakini waranti yake iliyofuata hakumpa mtu. Alifunga safari na mkewe na watoto wake wanne, na tulifurahi kwa ajili yake.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu Mbulumbulu, akaketi, akanywa chai, ndipo akatueleza. Pale Mwanza karani aliisoma waranti, akamtazama, akamwambia kwamba mwenye jina hili anamfahamu, amesafiri naye, na zaidi amemwona kwa macho yake akikutana na mama yake mzazi. Mpishi aliapa, akaonyesha kitambulisho cha kazi. Karani akasema vitambulisho vinaibwa. Mwishowe akampa nafasi moja: kama ni mpishi kweli, aingie jikoni apike yale maharage. Akaingia, akapika kwa ufundi wake wote. Karani alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Siyo wewe," alisema.

Ikabidi alipe nauli ya watu sita kutoka mfukoni, na bado akafika kwao. Mume wangu alimrudishia zote, kidogo kidogo, mpaka mavuno yaliyofuata, na sehemu kubwa ya pesa hiyo ilikuwa ya kuku wangu.