Nyanya na Moshi wa Chechelesi

Mwezi uliopita nyanya yangu alishuka kutoka Merti, akataka kwenda mtaa wetu wa zamani, Chechelesi, kumwona rafiki yake mgonjwa. Nikampa mkono, akaukataa. Alitaka kujua kama bado anaweza kufika mwenyewe, na mimi, nikiri tu, nilitaka kujua kuliko yeye.

Maana nyanya haoni, ndugu yangu, tangu nikiwa mtoto tukiishi mtaa huo. Nyumba zilikuwa za udongo, paa za madebe yaliyopondwa, ua wa miiba. Kila asubuhi alichukua fimbo akaenda kwa huyo rafiki yake, asipotee hata siku moja. Nilimfuata kwa kunyata, nikishangaa anaona na nini. Siku moja akaniambia nitoke mafichoni, anasikia kandambili zangu, ndipo akanifundisha. Kila mama alifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa mti wake mwenyewe, na kila mti una harufu yake. Mlango wa kwanza moshi ulikuwa na uchungu kidogo, hapo unaenda moja kwa moja. Kwa mama wa Kisomali kulinukia uunsi, ule ubani wao mtamu wa kuwasha koo, hapo unakata kushoto. Nami nikafumba macho nikajaribu. Niliingia zizi la mbuzi la watu, wakanicheka wiki nzima.

Safari hii alianza vizuri, halafu akasimama. Lami imepita palipokuwa na ua, maghorofa yamejipanga huku na huku, na kinachonukia ni rangi na petroli ya bodaboda. Akanusa kushoto, akanusa kulia. Nilijua njia lakini niliuma ulimi, nikitumaini ataipata. Mwishowe akakaa kwenye ngazi ya duka la simu, akasema nimpeleke. Iliniuma, wallahi.

Tulipanda hadi ghorofa ya pili, ameshika bega langu. Wazee wale wakasalimiana Kiborana, salamu zisizoisha: watoto, mifugo, mvua. Kisha nyanya akauliza polepole kama leo mwenzake hajafukiza vibuyu. Mgonjwa akasema vibuyu vya wapi, siku hizi maziwa ni ya pakiti, na mwenye nyumba hataki moshi, eti unachafua dari. Nyanya akauliza, na majirani je? Hakuna anayefukiza, akajibiwa, miaka mingi sasa.

Nyanya akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mimi nilidhani ni pua yangu imekufa."