Kikao cha Nyumba Kumi Kilivyomwachisha Baba Mdogo Gongo

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimewasoma mnavyotukanana kwenye ule uzi wa detox: mlevi aache moja kwa moja, au apunguzwe kidogo kidogo? Nami niweke langu. Sijatia chumvi, maana lenyewe lilikuja nayo.

Ni enzi za Ujamaa, Kariakoo, upande wa Msimbazi. Nimeanza kazi ya ukarani, nakaa kwa Baba Mdogo. Yeye na Mama Mdogo ni watu wa Moshi, wana duka pale Mchafukoge ambalo siku nyingi lilikuwa linauza rafu tupu.

Baba Mdogo alikunywa gongo. Asubuhi mikono ilitetemeka mpaka apate glasi.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shaweji, hakuwahi kuonja pombe maishani, na kwa sababu hiyo alijiona mtaalamu wa pombe. Akaitisha kikao.

Ajenda: ulevi wa "ndugu fulani". Jina halikutajwa, ingawa tulikuwa uani kwa Baba Mdogo, tumekalia mabenchi yake.

Tukaambiwa mlevi ni kupe wa taifa. Kisha:

"Wanaoafiki kwamba ndugu yetu ameacha pombe kuanzia leo, waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

Baba Mdogo naye aliitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Makofi. Azimio likapita bila kupingwa, na taarifa ya mafanikio ikapelekwa kwa wakubwa.

Hakuna aliyeuliza ile mikono kesho itatulizwa na nini.

Kesho yake akashinda anatokwa jasho. Keshokutwa yake akawa anafukuza mbuzi chumbani. Mbuzi hawakuwepo, wakuu. Tukampelekea Balozi habari.

"Vumilieni," akasema. "Huo ni uchafu unatoka."

Mchana akaanguka kwa degedege. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni, Mama Mdogo anakimbia pembeni bila viatu. Niliogopa sana siku ile.

Akapona. Daktari akatuambia mtu aliyezoea kiasi kile hakatwi ghafla nyumbani, anaweza kufa.

Lakini aliporuhusiwa hakukaa sana, akarudi kwenye gongo. Na gongo ya siku zile ilikuwa inapofusha watu.

Hapo Mama Mdogo akaamua lake. Akawa ananunua mbege kilabuni, ile pombe nyepesi ya kwao Moshi, anampimia kwa kata, na hapati mpaka ale ugali kwanza. Gongo marufuku. Kila baada ya muda, kata inapungua kidogo. Siku hizi mnaita harm reduction, yaani kupunguza madhara. Yeye aliita kumtunza mume wake.

Balozi akanusa. Kikao tena: azimio limekiukwa!

Mama Mdogo akasimama.

"Balozi, kwa heshima yako. Mume wangu sasa anakula, analala, anafungua duka. Mkitaka akatwe leo, njooni mlale naye nyinyi, mumsaidie kufukuza mbuzi."

Kulifuta azimio haikuwezekana, wakubwa walishapongeza. Wajumbe wakanong'ona wee, mwishowe kikao kikaamua kwamba mbege, kwa kuwa ina ulezi na ndizi, ni aina ya uji. Bila kupingwa. Baba Mdogo aliitikia ndiyo vilevile.

Miezi ikapita. Jioni moja akaisukuma kata pembeni, akamwambia mkewe:

"Mama Eli, leo basi."

Mama Mdogo akaingia jikoni akalia. Nilimsikia.

Hakugusa tena. Mzee Shaweji akaja mbio, kwa furaha ya kweli kabisa, anataka kuitisha kikao cha kutangaza ushindi. Baba Mdogo akamshika mkono.

"Ndugu Balozi, nakuomba. Safari hii niache mwenyewe."

Kwa hiyo, wakuu: kuacha kabisa ni kuzuri, na Baba Mdogo aliacha kabisa. Ila ilibidi kwanza awe hai.

Mwenye lake aweke hapo chini, hata matusi napokea. Ila naomba msinipigie kura.